Gundi Nyekundu Ndani ya Bomba la Oili

Old Moshi,
Jumapili, 13 Oktoba 1996.

Baba Mdogo Elinami,

Leo nimeapa kukuambia kila kitu, na sitaficha hata yale yanayonitia aibu mimi mwenyewe. Utaona kwamba sikukuamkia. Sijasahau. Niliandika shikamoo kwenye karatasi ya kwanza, nikaisoma, nikaona mkono wangu umesema uongo, nikaichana. Mama angejua angenizaba kofi. Lakini Mama hajui habari za barua hii, wala Baba. Nataka uisome peke yako, umekaa, na umeshanawa grisi mikononi.

Nianze na mazuri, usije ukasema nimeyasahau. Nilikuwa na miaka tisa siku ile uliponiwekea bisibisi ndefu sikioni, ncha yake umeigusisha kwenye injini ya pikapu yetu ya bluu, ukaniuliza, "Unasikia nini?" Nikasema nasikia mtu anatembea kwa viatu vya mbao. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye majani. "Hizo ni valvu! Kaka, njoo usikie. Huyu mtoto ni fundi!" Baba alikuwa akikata majani makavu ya migomba, hata hakugeuka. "Fundi wa kupika machalari ya ndizi, labda," akasema. Nawe ukamjibu, "Machalari yanaliwa yanakwisha. Injini inataka mtu kila siku."

Tangu hapo nilikuwa wako. Ulinifunga macho kwa leso yako ukaniwekea spana mkononi moja baada ya nyingine, nami nikitaja kwa kupapasa: kumi, kumi na mbili, kumi na saba. Nilipokosea ulinipaka grisi puani. Nilipopata zote ulininunulia soda pale sokoni Kiboriloni, ukawatangazia wauza ndizi wote kwamba huyu ni mtoto wa kaka yako na kwamba anajua spana kuliko wanaume zao. Mama Ndeshi akasema, "Basi mwoze kwa gereji." Ukasema, "Gereji itatoa mahari gani inayomtosha huyu?" Nilitembea siku nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya. Nataka ujue kwamba nakumbuka. Ungekuwa mtu mbaya tangu mwanzo, barua hii ingekuwa rahisi kuiandika.

Sasa nakuja kwenye yale yaliyotuharibu.

Krismasi ya mwaka tisini na tatu tulikuwa tunapanda na magunia sita ya mahindi kutoka shamba la tambarare, mimi nimekaa kati yako na mlango. Unajua mlima huu unavyokuwa wiki ya Krismasi, wenye magari wote wa Dar na Nairobi wamerudi nyumbani na kila mmoja anataka aonekane anavyopanda. Pikapu yetu ilikuwa na nguvu kuliko zote za hapa, lakini ni nguvu za dizeli ya kawaida, na pale kwenye kona iliyo chini ya kanisa ikaanza kuhema. Gia ya kwanza, mwendo wa kinyonga. Godlisten, mtoto wa jirani yetu, akatokea nyuma na lile gari lake kubwa. Hakutupita upesi. Alipunguza mwendo akawa sambamba nasi, akateremsha kioo.

"Elinami! Hiyo inapanda au inaomba dua?"

Mke wake akacheka. Watu waliokuwa barabarani wakacheka. Nawe ulicheka, lakini mimi nilikuwa karibu na mkono wako, nikauona ulivyoishika gia. Ulisema kwa Kichagga, kwa sauti ya chini, kwamba ni mwaka mmoja tu. Sikuelewa ulimaanisha nini. Nilidhani unasali.

Mwaka uliofuata, shule zilipofungwa mwezi wa kumi na mbili, ulipanda kutoka mjini na sanduku la mbao ulilolipata kwa mfanyabiashara anayeleta vitu vya Dubai. Ulilifungua uani kwa nyundo. Ndani mlikuwa na tabo. Uliinyanyua kwa mikono miwili kama mtu anayemwonyesha babu mtoto mchanga, ukanieleza, na ulieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye. Ni konokono wa chuma, ukasema. Huku juu hewa ni nyepesi, ndiyo maana injini inahema. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha feni ya upande huu, feni hii inazungusha ya upande wa pili kwa shafti moja, na ile ya pili inaishindilia injini hewa mpaka ishibe.

"Hiyo shafti inazunguka kwa kasi gani?" nikauliza.

"Kasi ambayo hata Mungu hawezi kuihesabu."

Bibi akasikia kutoka jikoni. "Mungu anahesabu kila kitu, Elinami."

"Sawa, Mama. Basi anaihesabu kwa shida."

Kisha ukanishika bega. Haya ni maneno yako, sikuyabuni: "Uhai wa tabo ni oili. Iko hili bomba jembamba, linaleta oili kwenye shafti kila sekunde. Likikosa oili hata kidogo, hii kitu imekufa, na ikifa inaiua injini." Ni wewe uliyenifundisha. Nayarudia ili tukifika mbele usiseme hukujua.

Baba alikataa siku mbili. Siku ya tatu alikubali, kwa sababu Mama alikuwa anapandisha majani ya ng'ombe kutoka tambarare kwa kichwa kila pikapu ilipozidiwa, nawe ukamwahidi Baba kwamba atapandisha majani na magunia pamoja bila kugusa gia ya kwanza. Baba alikuamini. Wewe ni mdogo wake wa pekee, na tangu babu afariki sijawahi kumwona akikataa jambo lako hadi mwisho.

Kwenye sanduku palikuwa na kijitabu cha Kiingereza. Ulinipa mimi, ukasema, "Wewe ndiye msomi, soma." Nilikisoma jioni mbili nikiwa na kamusi, nikakuandikia Kiswahili chake kwenye daftari langu la mazoezi, kurasa kumi na mbili kwa mwandiko safi. Mahali pawili waliandika kwa wino mwekundu, nami nikapaandika kwa kalamu nyekundu. Pa kwanza palisema, ukimaliza kupanda usizime injini mara moja, iache ingurume taratibu tabo ipoe. Pa pili palisema, kwenye bomba la oili ziba maungio kwa gasketi ya karatasi peke yake, usipake gundi ya aina yoyote, kwa kuwa vipande vyake huingia ndani na kuziba njia.

Tulifanya kazi siku tatu. Nadhani ni siku tatu nzuri kuliko zote za maisha yangu, na hilo nalo nakudai. Tulitandika turubai chini, kila bolti niliipanga kwa utaratibu wake kwenye trei ya kuokea ya Mama. Tulipokwenda kula, mdomo wa bomba la hewa niliuziba kwa kipande cha kanga ya kijani ya Bibi, vumbi na takataka za migomba zisiingie. Wewe mwenyewe ulinisifu. "Huyo ndiye fundi," ukasema. Na kila tuliporudi nilikitoa.

Tarehe ishirini na tatu, mchana, ilibaki gasketi moja. Ilikuwa ndogo kama kidole gumba, ya kukaa pale bomba jembamba la oili linapoingia kwenye tabo. Uliichana mwenyewe uliposukuma bomba kwa nguvu. Nikakuambia tusubiri, asubuhi nitashuka nikatafute karatasi ya gasketi tukate nyingine. Ulikuwa karibu kukubali. Nilikuona. Ndipo Godlisten alipopita barabarani na gari jipya zaidi kuliko la mwaka uliopita, akapiga honi mara tatu mbele ya migomba ya kihamba chetu, pale nyumbani.

Ukaenda kwenye boksi lako ukarudi na tyubu ya gundi nyekundu ya silikoni. Uliipaka nene, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa sikukuu.

"Baba Mdogo, kitabu kimekataza."

"Kitabu gani?"

"Hiki nilichokutafsiria."

"Aika, karatasi haijawahi kupanda mlima huu. Kaza bolti."

Nikakaza. Hilo ni kosa langu, nalikiri kwako kama ninavyolikiri kanisani: niliona, nikasema mara moja, nikanyamaza.

Siku ya mkesha sitaisahau hata nikiwa bibi kizee. Ulipokanyaga moto, pikapu ilipiga mluzi mwembamba, na watoto wote wakatoka mbio kwenye migomba. Bibi aliyekuwa amekaa mbele akasema gari linalopiga mluzi linaita nyoka, lakini hakuomba kushuka. Tulishuka hadi barabara kuu, tukageuza, tukapanda tukiwa na watu kumi na moja nyuma. Pale kwenye kona ya chini ya kanisa ndipo tulipomkuta Godlisten. Ukampita kwa gia ya tatu, ukatoa kichwa nje.

"Sisi tumemaliza kuomba! Wewe endelea!"

Nilipiga bati la paa la pikapu kwa viganja mpaka vikauma. Tulipofika nyumbani ulizima injini papo hapo ili watu wasikie unachosema. Nilifungua mdomo nikumbushe ile sehemu nyingine iliyoandikwa kwa nyekundu, kisha nikauona uso wako ulivyofurahi, nikaufunga.

Kesho yake, baada ya ibada, tulishuka kumpokea Shangazi. Baba alikaa mbele, mimi nyuma na mizigo. Wakati wa kupanda naye tulikuwa tumefika karibu na kanisa, watu bado wamesimama nje na nguo zao za Krismasi, mluzi ulipogeuka ukawa kelele kama ya nguruwe anayechinjwa. Halafu mshindo. Moshi wa bluu ukatufunika mimi na Shangazi, na pikapu ikaanza kurudi nyuma hadi Baba alipovuta breki ya mkono. Ulifungua boneti. Vipande vya feni ya tabo vilikuwa vimemezwa na injini. Pistoni mbili zimepasuka. Godlisten alishuka kwenye gari lake, akavua koti, akatusaidia kusukuma, hakucheka hata kidogo. Nadhani hicho ndicho kilichokuvunja. Angecheka, ungebaki mtu mwema.

Jioni ile uliifungua tabo ukiwa peke yako nyuma ya zizi. Nilikuja kukusaidia, ukasema, "Nenda kwa wenzako." Haikuwahi kutokea ukanifukuza. Nikaenda.

Siku iliyofuata Baba alitukusanya baada ya chakula: Bibi, Mama, Shangazi, wewe, mimi. Alikaa kwenye kigoda chake akasema, "Nataka kujua injini yangu imeuawa na nini."  Wewe ukanitazama mimi. Hukupandisha sauti. Uliuliza kwa upole, kama ulivyokuwa ukiniuliza namba za spana.

"Aika. Kile kitambaa cha Bibi, ulikitoa?"

Baba Mdogo, nilijaribu kukiona kitambaa mkononi mwangu. Nilijua nilikitoa kila siku. Lakini mara ya mwisho kabisa, ile siku ya honi na haraka, sikukiona. Nilitafuta kichwani, sikukiona. Nilinyamaza kwa muda wa kutosha Shangazi kusema, "Yesu wangu."

"Nadhani nilikitoa," nikasema.

"Unadhani?" akasema Baba.

Basi. Hakuna aliyeuliza jambo lingine. Hakuna aliyeuliza habari za gundi, kwa sababu waliojua gundi ilikuwapo ni sisi wawili, nami nilikuwa nalia.

Bibi alikwenda mpakani mwa kihamba akakata jani la isale, akalifunga fundo, akanipa. Wewe unajua, na yeyote aliyezaliwa mlimani anajua: ukimpelekea jani hilo uliyemkosea, hawezi kukukataa, na akishalipokea, habari imekwisha. Hairudiwi, haifukuliwi, hata kwa mzaha. Nilipiga magoti mbele ya baba yangu, nina miaka kumi na tano, nikamwomba radhi kwa kuua injini yake. Akalipokea. "Yamekwisha," akasema. Nawe, uliyekuwa umesimama nyuma yangu mikono mfukoni, ukasema maneno ambayo nimeyabeba kila siku tangu hapo:

"Mtoto ni mtoto, Kaka. Msamehe."

Uliniombea msamaha kwa kosa lako.

Tarehe mbili Januari ulipanda basi la Mwanza. Pikapu ilikaa juu ya mawe miezi saba. Mama alibeba mikungu ya ndizi kichwani hadi Kiboriloni mara tatu kwa wiki, na majani ya ng'ombe aliporudi, mpaka shingo ikavimba akalazimika kwenda hospitali. Mwezi wa saba fundi wa mjini alikuja kufunga injini nyingine, iliyochoka, isiyo na tabo. Baba aliniambia nisiguse boneti tena, na sijaigusa. Wanapolitengeneza gari mimi nipo jikoni nikimenya ndizi, nikisikia kwa mbali kwamba valvu zimelegea, na sisemi.

Kwa mwaka mmoja na nusu niliamini. Hilo ndilo ninalotaka likuume. Niliota kile kitambaa cha kijani. Darasani nilikuwa nikimaliza mtihani narudia jibu la kwanza mara tano, kwa sababu sikujiamini tena kwamba nimefanya nililofanya. Na nilikuonea huruma! Nilikuandikia barua tatu za kukuomba radhi kwa kukuaibisha mbele ya Godlisten. Ulinijibu moja. Uliandika, "Usijali, fundi wangu, tuyasahau."

Agosti mwaka huu Bibi alinituma nisafishe stoo ya mahindi. Nyuma ya magunia makuukuu nikakuta lile sanduku la Dubai, na ndani tabo iliyokufa pamoja na mabomba yake. Baba alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa ushirika wa kahawa. Nilikaa mlangoni penye mwanga nikaishika. Mwalimu wetu wa fizikia hutuambia, usiandike unachoamini, andika ulichokiona. Kwa hiyo nilichukua daftari nikaandika nilichokiona. Mabaki ya feni ya upande wa hewa hayakuwa na uzi hata mmoja wa nguo, na kanga ikizungushwa kwa kasi ile ingejisokota hadi kwenye shafti. Shafti ilikuwa na rangi ya bluu na zambarau, rangi ya chuma kilichoungua kwa kukosa oili. Beringi zake zilikuwa nyeusi. Nikachukua waya mwembamba wa kuku nikaupitisha kwenye bomba la oili. Ukakwama. Nikalipasua bomba kwa urefu na msumeno wa chuma, taratibu, Bibi akiwa amelishikilia kwa koleo bila kuniuliza kitu. Ndani, penye kona, palikuwa na donge la gundi nyekundu, kubwa kama harage. Kando yake palikuwa na nafasi ya oili kupita isiyotosha hata kulainisha cherehani.

Sikulia. Nilicheka, na Bibi akaogopa.

Nimeapa kusema kila kitu, kwa hiyo nikuambie niliyoyafanya tangu siku hiyo. Ile picha yetu tumesimama mbele ya boneti nimeikata kwa wembe. Boneti imebaki, mimi nimebaki, na mkono wako mmoja umebaki kwa sababu ulikuwa juu ya bega langu na sikuweza kuutoa bila kujikata mwenyewe. Sweta lako la kijivu ulilosahau nimemtandikia ndama. Watoto wa Shangazi walipokuja likizo niliwafundisha kwamba injini ikikataa kuwaka tuseme "ime-Elinami," na sasa kijiji kizima kinasema hivyo, hata mchungaji, hajui lilikotoka. Kanisani, kwenye Sala ya Bwana, tukifika mahali pa kuwasamehe waliotukosea mimi nafunga mdomo. Wengine wanasema, mimi nasubiri, kisha naungana nao mbele. Mwinjilisti ameniona. Nimemwambia koo linauma.

Nawe nasikia umeandika kwenye ukuta wa gereji yako huko Mwanza, kwa herufi za kopo zima la rangi, kwamba wewe ni bingwa wa tabo. Nililiona hilo kama jani lingine ulilonifanya nilibebe.

Sasa sikiliza ninachokihitaji, maana sikuandika ili nifurahie hasira. Wiki tatu zijazo namaliza mtihani wa kidato cha nne. Fomu ya kuomba chuo cha ufundi ninayo, nimeijaza yote, kozi ya magari, imebaki sahihi ya mzazi, na inatakiwa kabla Novemba haijaisha. Nilimpelekea Baba mwezi uliopita. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Msichana aliyeua injini ya baba yake," akasema, "nimpeleke akaue za serikali?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesikitika. Ameniambia yuko mama mmoja mjini anayefundisha kushona, nikaanze Januari.

Nilitaka kumwekea bomba mapajani papo hapo. Bibi alinishika mkono. Tulipokuwa wawili jikoni akaniambia, "Mjukuu wangu, jani limeshapokelewa. Ukifukua wewe, umemtukana baba yako kwamba alichopokea ni takataka. Nami ndiye niliyelikata, siwezi. Aliyebaki na mdomo ni mmoja, na yuko Mwanza."

Kwa hiyo umenifunga mara mbili, kwa kosa na kwa msamaha wake. Wewe peke yako ndiye unayeweza kumwambia Baba, kwa sababu wewe hukuwahi kupiga magoti.

Tumepata salamu zako kwamba Krismasi utakuja na mchumba wako aonwe na ukoo. Karibu. Mbuzi atachinjwa, nyama itagawanywa kila mtu na fungu lake kwa heshima yake, na mimi ndiye ninayepeleka sahani. Kama Novemba itakuwa imeisha na hujasema, yako nitaileta imefunikwa kwa sahani nyingine. Utakapofunua hutakuta nyama. Utakuta bomba lililopasuliwa, na donge lako jekundu liko palepale lilipokaa. Sitasema neno lolote. Jani lilinifunga mdomo, halikunifunga mikono. Mchumba wako atauliza, "Hiki ni nini?" na Baba atakuwa anatazama, na Godlisten pia, maana nitahakikisha amealikwa. Nimeifikiria sahani hiyo kila siku tangu Agosti. Nimefikiria hata sahani ipi.

Lakini kuna jambo moja halijanipa amani, na ni hilo tu limenifanya niandike badala ya kusubiri Desemba. Bomba lile hushikiliwa kwenye tabo na bolti mbili. Moja niliikuta imekaza. Ya pili niliifungua kwa vidole. Na gundi iliyokuwa imetoka pembeni ilikuwa imekatwa kwa kisu, kata safi. Mtu alilifungua bomba lile kabla yangu, akatazama ndani, akalirudisha. Huenda ni yule fundi wa mjini wa mwezi wa saba, aliyetazama kwa udadisi wake akaona hayamhusu. Au ni wewe, nyuma ya zizi, jioni ile uliyonifukuza.

Kama ni fundi, basi uliniuliza habari za kitambaa ukiamini kweli ni kitambaa, nasi sote wawili tulikosea, na nitakaa jikoni nimpikie mchumba wako machalari kwa mikono yangu. Utamwambia Baba kuhusu gundi, atasaini fomu ya chuo, na tutasalimiana. Nataka iwe hivyo. Naona aibu kukuandikia kwamba, pamoja na yote, nataka iwe hivyo.

Kijana wa Mama Ndeshi anakuja Mwanza Jumanne na atarudi Jumapili. Ndiye aliyekukabidhi barua hii, na nimemwambia asiondoke kwako bila karatasi yenye mwandiko wako. Usinitumie soda, wala salamu, wala yale maneno ya tuyasahau. Baki salama, nami nabaki hapa na fomu yangu. Nijibu hili moja, kwa neno moja: uliponitazama mbele yao wote na kuniuliza kama nilikitoa kile kitambaa, ulikuwa umeshaiona gundi?

Mtoto wa kaka yako,
Aikande.